Maili za Mama

Mwanangu Gerard alianza kunipenda mwezi wa Machi. Kabla ya hapo alikuwa akinipigia simu Krismasi, na siku yangu ya kuzaliwa kama mkewe akimkumbusha. Machi ile akaanza kupiga kila Jumapili baada ya kanisa, tena si simu ya "mama hujambo, haya kwaheri". Alikuwa akikaa. Namsikia anavuta kiti, anapuliza kahawa yake, halafu anasema, "Mama, una nafasi? Nikusomee mmoja?"

Alichokuwa akinisomea ni maoni ya watu wenye gari fulani jipya. Gari kubwa la juu, la safu tatu za viti, lililokuwa limetoka mwaka huohuo kwenye kampuni aliyoitumikia marehemu baba yake. Gerard alilitaka mpaka usingizi ukampaa. Watu waliokwisha kulipata waliandika kwenye mtandao wanavyoliona, na yeye alinisomea kwa sababu macho yangu hayasomi tena. Katikati ya kila ninachokitazama pana doa. Nikikuangalia naona masikio yako na mabega yako, lakini sura sina.

Kwetu huku Michigan, ukiwa mtu wa kiwanda cha magari, punguzo ni mali ya ukoo. Chester wangu alifunga milango ya magari miaka thelathini na moja. Milango tu, ya upande wa kushoto. Alipostaafu tukaondoka Detroit, tukahamia kaskazini kwenye nyumba yetu ya mbao nje kidogo ya Harrisville, alikokuwa akienda kuwinda kulungu tangu ujana. Akafa huko, kwa amani, buti zikiwa mlangoni. Mimi nikabaki na nusu ya pensheni yake, koti lake la kiwandani, na namba ya punguzo.

Namba hiyo hutolewa kila Januari. Mwenye nayo humpa mtoto wake au mkwewe, naye anachukua gari kwa bei ya mfanyakazi. Zamani zilikuwa nyingi, hata shemeji wa shemeji alipata. Siku hizi mjane hupewa moja tu kwa mwaka, na kugombewa kwake usiseme. Mtaani kwa Gerard, kule Sterling Heights, kila mtu anajua baba wa jirani yake alikuwa kampuni gani. Ukiegesha gari la kampuni nyingine mbele ya nyumba ya baba mkwe wako, siku hiyo utakula chakula chako kimyakimya.

Na karibu wote hawanunui. Wanakodi kwa mkataba wa miaka mitatu, wanalirudisha, wanachukua jingine jipya. Chester alikuwa akisema mwanamume anayekodi gari ni sawa na anayekodi suruali. Lakini alisema hivyo akiwa pikniki ya chama cha wafanyakazi, keshakunywa bia, na wanaume wote waliomzunguka walikuwa wamekodi.

Jambo langu mimi lilikuwa moja, na nilimweleza Gerard wazi tangu mwanzo. Kila mwezi lazima nidungwe sindano ya jicho kwenye kliniki ya Alpena. Usishtuke, inazoeleka. Nikikosa sindano doa linakua, na likikua halirudi nyuma. Aliyekuwa akinipeleka ni jirani yangu Hildy Brandt, mjane mwenzangu, lakini Hildy alikuwa ameuza nyumba na kiangazi kikiisha alikuwa akihamia Florida kwa binti yake. Lipo basi la wazee, ila linaishia mpaka wa kaunti, na Alpena ni kaunti ya pili. Nilimuuliza dereva kama anaweza kusogea kidogo tu. Akaniambia, "Mama, hata ningekuwa nakupeleka mbinguni, mwisho wangu ni pale kwenye kibao." Kwa hiyo nilihitaji mtu wa kunipeleka. Bila hivyo, ama nipoteze macho, ama niiache nyumba alimofia mume wangu.

"Mama, hilo ndilo ninalosema siku zote," Gerard aliniambia. "Hili gari ni lako. Nitakuja kila mwezi. Nafika Alhamisi jioni, Ijumaa tunaenda kliniki, Jumamosi nakupasulia kuni, narudi. Unajua sasa hivi nashindwa kwa nini? Kale kagari ketu barafu ikianza kanateleza."

"Na Colleen anasemaje?" Colleen ni mkewe.

"Colleen ndiye aliyesema."

Basi nikaamini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na utamu wake pia. Nikawa nazingojea Jumapili. Wale wenye magari nikawajua mmoja mmoja. Alikuwapo mwanamume wa Toledo mwenye mbwa wawili wakubwa, aliyesifu sehemu ya nyuma kwamba inafutika mate kirahisi. Alikuwapo nesi wa Iowa aliyelaani ile skrini ya mbele, eti kupandisha joto tu mpaka uguse mara tatu na vidole vyenyewe vimekufa ganzi. Alikuwapo mtu asiyeandika jina, aliyenung'unika mafuta, mafuta, mafuta. Huyo nilimpenda, alinikumbusha Chester. Na alikuwapo mzee wa Wisconsin aliyeandika kwamba gari ni kimya, injini husikii, na mama yake wa miaka themanini na sita anapanda bila kigoda, anawashiwa joto la kiti, analala njia nzima.

Huyo Gerard alinisomea mara mbili. "Umesikia, mama? Analala njia nzima."

"Na mate je?" nikamuuliza. "Yanafutika?"

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia mwanangu akicheka hivyo tangu alipokuwa na meno ya utoto. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata, nikiwa na furaha ya kijinga.

Hildy hakupendezwa. "Shoga yangu, mtu anayekusomea gari kila Jumapili hakusomei bure."

"Anasoma kwa sababu mimi sioni."

"Gazeti mbona hakusomei?"

Nilimwambia afumbe mdomo aendeshe gari. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na mimi nilikuwa nimeshatoka nusu, najianika juani.

Hesabu za mkataba pia Gerard alinifundisha kwenye simu, kwa subira, na nikazielewa vizuri. Ukikodi, unachagua mapema utatembea maili ngapi kwa mwaka. Maili elfu kumi, malipo ya mwezi yanakuwa madogo. Elfu kumi na tano, yanapanda. Ukivuka ulichochagua, siku ya kurudisha unatozwa kila maili iliyozidi. "Sisi kwa matumizi yetu kumi zinatosha," alisema. "Mimi kazini, mjukuu wako Trevor kwenye hoki ya barafu, basi. Lakini tutachukua kumi na tano, kwa sababu yako." Kutoka kwake kuja kwangu, kunipeleka Alpena na yeye kurudi, ni maili mia nne na kitu. Zidisha kwa mwezi, zidisha kwa mwaka, inakuja elfu tano na chenji. Nilizipiga kichwani nikiwa naosha vyombo, na zikanipa raha kuliko sala.

Namba sikumpa kwenye simu. Hildy alikuwa amenisomea ile barua ya kampuni, nami nikaikariri yote, herufi na tarakimu, kwa sababu karatasi hainisaidii. Nikamwambia Gerard nitaitamka mwenyewe dukani, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Chester hakuwahi kutuma namba. Alikuwa akivaa lile koti, anakwenda, anaitamka kwa sauti mpaka watu wanageuka.

Mwezi wa Juni Gerard akaja kunichukua na lile gari dogo la Colleen. Njiani alikuwa mchangamfu, akanifungulia dirisha, akaniuliza kama nina njaa. Dukani tulikutana na Colleen na muuzaji aliyeitwa Yvette, mama mwenye sauti ya ukarimu na manukato mazito. Wakaniingiza kwenye lile gari. Kweli nilipanda bila kigoda. Gerard akaniwashia kiti, na mgongo ukapata joto taratibu, na nikapapasa mlango wa kushoto pale unapokutana na bodi, kama Chester alivyonifundisha, nikaona umekaa sawasawa. Nikasema, "Huyu aliyefunga huu mlango ana adabu."

Kisha tukakaa mezani. Yvette akaanza kubofya kompyuta yake.

"Maili ngapi kwa mwaka? Nina kumi, kumi na mbili, kumi na tano."

Gerard akakohoa. Colleen akajibu, "Kumi."

"Kumi na tano," nikasema.

"Kumi, mama," Colleen akasema. "Mimi na Gerard tumeshaongea. Kumi zinatutosha."

"Zinawatosha ninyi. Na mimi?"

Nilimgeukia mwanangu, nikaona masikio yake mawili, mekundu, na doa katikati.

"Mama, siyo kwamba zikiisha gari linazima," akasema. "Ukizidisha unalipa tu mwishoni. Ni senti tu kwa kila maili."

"Kwa hiyo nikipanda mimi, mita inaanza kusoma."

"Siyo hivyo, mama."

"Ni hivyo hivyo, Gerard. Nifundishe tena, labda nimesahau."

"Leona," Colleen akasema. Akitaka tuheshimiane huniita mama, akikasirika huniita kwa jina. "Tuna mkopo wa nyumba. Trevor anahitaji meno ya waya. Kila mwezi ni kila mwezi."

Nikamuuliza Yvette tofauti ni kiasi gani. Akajibu polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba, "Dola thelathini na tano kwa mwezi, bibi."

Thelathini na tano ni piza mbili na soda. Nilikaa pale na mkoba wangu magotini, nikaelewa kila kitu. Kazi ya Gerard ilikuwa ndani ya kumi. Hoki ilikuwa ndani ya kumi. Hata wazazi wa Colleen, wanaokaa mtaa wa pili, walikuwa ndani. Kilichokatwa pale mezani ni elfu tano, na elfu tano ilikuwa ni mimi. Na hawakuyaamua pale. Yalikuwa yameamuliwa jikoni kwao, labda tangu Machi, labda Jumapili ileile aliponisomea habari za mama wa Wisconsin mara mbili.

"Ningelipa mimi hizo thelathini na tano," nikasema.

"Mama, usituaibishe mbele za watu," Gerard akasema chini chini. "Nitakuja. Nimesema nitakuja. Tutaona."

"Basi, namba, bibi?" Yvette akauliza.

Wote wakaningoja. Nilitaka kusimama nitoke. Nimekuwa mwanamke wa kusimama na kutoka maisha yangu yote, muulize yeyote wa chama. Lakini nikitoka ningekwenda wapi? Kitanda changu kilikuwa maili mia mbili kutoka pale, sioni barabara, na wa kunirudisha ni huyohuyo aliyekuwa akinikata. Na tena alikuwa mwanangu. Mtoto akililia wembe, mpe. Ndivyo walivyosema wahenga, ila hawakusema tufanyeje wembe ukimkata mama yake. Nikaitamka ile namba. Niliitamka kwa sauti ndogo, hakuna aliyegeuka.

Kesho yake Gerard akanirudisha nyumbani. Nilipotoka nje na mfuko wangu nilisikia anafungua mlango wa lile gari dogo la zamani.

"Hatuendi na jipya?" nikauliza.

"Ni maili mia nne hizo, mama. Ndiyo kwanza limetembea maili kumi na moja tu."

Sikusema neno mpaka Harrisville. Yeye alidhani nimelala.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Wala ile iliyofuata. Nilitoka kanisani nikakaa nayo mapajani, nikaishika nikidhani betri imekwisha, nikamwomba Hildy anipigie kujaribu. Ikalia. Hildy akasema, "Inalia vizuri tu," na hakuongeza kitu, naye ni mtu wa kuongeza. Nilikasirika, halafu nikaona haya, kwa sababu nilichokikosa siyo Gerard peke yake. Nilimkosa hata yule wa mbwa wawili.

Hildy aliondoka majani yalipoanza kugeuka rangi. Alilia, mimi sikulia. Oktoba nilimpigia Gerard, akasema mwezi huo Trevor ana mashindano, maili zinakimbia vibaya. Mke wa mchungaji akanipeleka kliniki. Novemba msimu wa kulungu ukafunguliwa, na hapo Gerard akaja, naam, akaja, na pikapu ya rafiki yake Dave. Wakalala kwangu siku tatu. Niliwakaangia soseji, nikawapikia pierogi, zile sambusa za kuchemsha, za viazi na jibini, nikaanika soksi zao juu ya jiko. Mwezi huo kliniki yangu iliangukia Jumanne. Jumatatu asubuhi wakawa wanafunga mizigo.

"Kesho ni Alpena," nikamwambia.

"Ningekupeleka, mama, haki ya Mungu. Lakini gari si langu, na Dave anawahi kazi."

"La kwako liko wapi?"

"Nyumbani. Unajua hali yake. Mwaka wa mkataba haujafika nusu na nimeshamaliza elfu saba."

Wakaniachia paja la kulungu. Mke wa mchungaji alikuwa kwa binti yake aliyejifungua, kwa hiyo Novemba sikudungwa. Desemba theluji ilifunga barabara siku yenyewe ya miadi. Sikukuu ya Shukrani walikula kwa wazazi wa Colleen, Krismasi nayo vilevile, na waliniwekea simu juu ya meza katikati ya sahani ili nisikie wakiimba. Januari nilipofika kliniki, daktari alinikagua, akavuta kiti karibu. Madaktari wakivuta kiti ujue. Akasema jicho la kushoto ndiyo basi, damu imevuja nyuma, halitarudi. La kulia bado linaweza kulindwa, nisikose sindano hata moja.

Nilirudi nyumbani nikawasha jiko la kuni. Ndani ya sanduku la posta mke wa mchungaji alikuwa amekuta barua, akaniwekea mezani. "Hii inaonekana ya kiwandani kwa mzee," akasema. "Nikufungulie?" Nikamwambia hapana, aniache nayo. Alipoondoka niliishika. Niliijua kwa unene wake na kile kidirisha cha nailoni. Ilikuwa na namba ya mwaka mpya. Sikumpa mtu anisomee. Nilifungua mlango wa jiko nikaitia ndani, nikasikia kile kidirisha kinajikunja. Namba yenyewe siijui mpaka leo.

Jumapili ya wiki hiyohiyo, baada ya kanisa, simu ikalia.

"Mama, hujambo? Jicho je?"

"Moja limekufa," nikasema.

Nadhani aliumia kweli, si mtoto wa jiwe. "Pole sana, mama. Ningejua." Nikamwachia hilo la ningejua lipite. Nikasikia anavuta kiti. Nikasikia anapuliza kahawa. Moyo wangu mpumbavu ukainuka kabla hajasema lolote.

"Sikiliza, mkataba wa lile gari dogo la Colleen unaisha Aprili. Sasa kuna hili jipya, la juu vilevile, ila dogo kidogo, halili mafuta. Hili ndilo la kuja huko, mama. Tutachukua kumi na tano safari hii, naapa. Namba za mwaka huu zimeshatoka?"

"Zimetoka."

"Basi safi. Una nafasi? Nikusomee mmoja?"

"Mwezi ujao, Ijumaa ya kwanza, nina sindano," nikasema. "Hilo jicho lililobaki."

"Mara tu tukishalipata gari, mama. Kitu cha kwanza. Unadhani nitakuacha?"

Jikoni mlikuwa na joto. Nilivuta blanketi magotini, nikaegemeza kichwa, nikahamishia simu kwenye sikio linalosikia vizuri.

"Soma," nikamwambia.

Akasoma. Alikuwa mwalimu wa Kansas, mwenye mapacha, aliyelalamika kwamba kishikio cha kikombe ni kidogo. Gerard ana sauti ya baba yake akisoma, nzito, inayotulia mwishoni mwa sentensi. Alipomaliza akauliza nimelionaje.

"Bado nafikiri," nikasema. "Viti vya nyuma wanasemaje? Nisomee mwingine."